Muulize Fundi wa Sauti: Masta ni pasi tu

Mezani kwangu leo kuna barua saba na diski mbili. Diski moja ilifungwa kwa karatasi ya daftari bila hata kava, na safari imeichora kama iliyopigwa kucha na paka. Nyingine imefika safi, inang'aa, ila mwenyewe ameiandika jina kwa kalamu ya kawaida ya daftari na alikandamiza haswa. Wenye diski msiondoke, zamu yenu inakuja. Naanza na barua ndefu kuliko zote, kwa sababu anachouliza huyu karibu wote mnakiuliza kwa vipande.

*Fundi, shikamoo. Bendi yetu imemaliza kumiksi nyimbo 11. Kila wimbo sasa ni faili moja la WAV la stereo, biti 24, kilohezi 48. Kwenye nyimbo mbili sauti ya mwimbaji imezama kidogo, lakini mwenzangu anasema hayo yatarekebishwa kwenye masta. Njia kuu tumeiwekea limita kwa sababu bila hiyo sauti inakuwa ndogo. Tuanzie wapi hadi tupate CD ya kuwapa watu? – Mpiga besi*

Marahaba. Mwambie mwenzako, kwa heshima zote, hayatarekebishwa. Masta, yaani kuzinyoosha miksi zilizokwisha kabla hazijaingia kwenye diski, ni pasi. Fundi cherehani akimaliza gauni hulipiga pasi likakaa vizuri mwilini, lakini mshono uliopinda utabaki umepinda hata pasi iwe ya moto kiasi gani. Mkishatoa faili la stereo, mwimbaji, gitaa na ngoma za dramu, kiki na sneya, vimekandwa donge moja. Ukipandisha masafa ya karibu kilohezi 3 ili mwimbaji atokeze, sneya nayo inatokeza, ncha za gitaa zinatokeza, na haihati, yale matasa ya dramu, inaanza kukuchoma sikio. Mwimbaji utampata, ila atakuja na ukoo wake mzima. Rudini kwenye miksi, mpandisheni desibeli moja au moja na nusu kwenye zile nyimbo mbili, mtoe mafaili upya. Ni kazi ya dakika kumi. Mimi niliwahi kukesha nikimsaka mwimbaji ndani ya masta kwa ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha masafa) na kompresa (ya kubana sauti kubwa), na kulipokucha nikapiga simu kuomba miksi mpya. Ningepiga simu jioni yake ningelala.

Mkiwa huko huko, toeni hiyo limita, kile kifaa kinachozuia vilele vya sauti visipite dari. Kichwa cha sauti kikishakatwa kwenye miksi hakuna wa kukirudisha. Acheni vilele vifike kama desibeli 6 chini ya sifuri. Hata 3 hainitishi. Kwenye biti 24 nafasi ni tele, hampotezi kitu kwa kuacha sauti ndogo. Mkitaka kubwa, zungusheni kitufe cha spika. (Biti hizi ni za kompyuta, jamani, si za ngoma. Kuna kijana aliniletea wimbo akaniambia una biti mbili tu, ya kwanza na ya pili.)

Kuhusu kilohezi 48 na biti 24, msiguse kwanza. CD ya muziki inaelewa lugha moja tu: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili, kushoto na kulia. Philips na Sony walikubaliana hivyo mwaka 1980 katika kitabu kinachoitwa Red Book, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Namba 44,100 ina historia ninayoipenda. Siku hizo sauti ya dijitali ilihifadhiwa kwenye mikanda ya video, kwa hiyo ilibidi iingie ndani ya mistari ya picha: sampuli 3 kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Zidisha. Kwenye mfumo mwingine wa video ilikuwa mistari 294, mara 50. Zidisha tena. Ndiyo maana kila CD uliyowahi kuisikia, hata ya muziki uliorekodiwa kabla ya video kuwepo, inatembea kwa mwendo wa mkanda wa picha.

Basi kazi yote ya masta ifanyike kwenye biti 24, na kushuka kwenda 44,100 na biti 16 kuwe hatua ya mwisho. Kwanza badilisha sampuli, kisha weka limita, halafu biti na ditha, mara moja tu. Ditha ni mnong'ono mdogo sana, zaidi ya desibeli 90 chini ya kilele, unaoongezwa kwa makusudi. Ukitaka kuusikia umuhimu wake, chukua wimbo unaofifia polepole mwishoni. Ukate biti 8 za chini bila ditha, vaa hedfoni, kisha pandisha sauti kwenye sekunde tatu za mwisho. Mlio wa gitaa haufi kwa utaratibu. Unaanza kuwa mkavu, unakwaruza kama redio isiyoshika stesheni, halafu unazimika ghafla kama mshumaa uliopulizwa. Rudia na ditha. Gitaa linazama taratibu ndani ya pumzi laini mpaka hujui limeisha saa ngapi. Ukiitia ditha mara mbili au tatu njiani unarundika pumzi juu ya pumzi, kwa hiyo ukiiweka isifuatiwe na kitu kingine, hata kupunguza volumu.

Sasa kazi yenyewe. Kaeni siku mbili bila kuzisikia hizo nyimbo. Kisha zipangeni zote 11 kwenye mradi mmoja, zikifuatana kama zitakavyokuwa kwenye diski. Anayemasta wimbo mmoja mmoja kwa siku tofauti anapata watu 11 waliovaa kila mmoja sherehe yake. Wekeni pia CD moja mnayoipenda ya muziki unaofanana na wenu, ishusheni mpaka ilingane kwa sikio na miksi zenu, muwe mnairudia kila nusu saa, maana sikio huzoea ubaya haraka kuliko mnavyodhani. Msikilizo wa kwanza ni wa kalamu na karatasi. Mikono mbali na kompyuta.

Mimi huchagua wimbo mmoja wenye nguvu, nikaufanya nguzo. Naondoa kilicho chini ya hezi 30, kwa sababu huko hakuna muziki wenu, kuna mtikisiko tu unaokula nafasi. Naangalia hezi 200 hadi 400, ndiko tope linakojaa watu wakimiksi chumba kidogo. Nikishusha desibeli moja hapo mara nyingi miksi nzima inavuta hewa. Kompresa, ikihitajika, naiweka kwa uwiano wa 1.5 kwa 1, ichelewe kidogo kushika ili kiki ipite na mgongo wake, nayo isipunguze zaidi ya desibeli mbili. Ukijikuta unapandisha kitu desibeli 4 kwenye masta, hilo ni tatizo la miksi, mnajua pa kulipeleka. Halafu nabonyeza mono, kushoto na kulia zikawa sauti moja. Sauti ikipotea kwenye mono, kama kinanda kilichopanuliwa kwa ujanja mpaka pande mbili zinafutana, ni bora mkajua leo kuliko kujulishwa na spika moja ya mtu mwingine.

Nyimbo nyingine zinafuata nguzo, na kinachoongoza ni sauti ya mwimbaji. Akiwa mtu yule yule amesimama umbali ule ule kutoka wimbo hadi wimbo, msikilizaji hatagusa volumu. Wimbo wa taratibu wenye gitaa moja uacheni uwe chini kidogo ya wenzake hata kama kipimo kinalia. Mkiulazimisha kulingana na wimbo wa bendi nzima, mtapata gitaa kubwa kama basi.

Nafasi kati ya nyimbo sizipimi kwa namba. Nafumba macho, nacheza sekunde ishirini za mwisho za wimbo, wimbo unaisha, naendelea kutingisha kichwa kwa mwendo wake, na pale mkono wangu unapotaka kupiga meza ndipo wimbo unaofuata unaanza. Mara inakuwa sekunde moja na nusu, mara nne. Tatizo ni pale programu inapoweka mbili kila mahali bila kuulizwa, halafu mtu anaona ndivyo inavyopaswa.

Kuchoma ndiko kufupi. Jumla isizidi dakika 80, na mimi husimama 78. Tumieni CD-R, inayochomwa mara moja tu, si CD-RW inayofutika. Chagueni CD ya muziki, siyo ya data, na njia ya kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja. Kasi ya katikati, kama mara 8 au 16, inanitosha. Wapo wanaoapa kwa mara 1, lakini diski za kasi kubwa hazikutengenezwa kwa kuchomwa polepole hivyo. Kompyuta iachwe ifanye kazi hiyo tu. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapotoroka, diski ya kwanza isikilizwe yote, mwanzo mpaka mwisho, kwenye mashine nyingine ambayo haikuichoma, bila simu mkononi.

*Kaka Fundi, CD yangu ikifuata CD za wakubwa inasikika ndogo. Nimesukuma limita mpaka kipimo hakicheziki tena. Sasa ni kubwa, lakini watu wanasema inachosha. – Prodyuza wa chumbani*

Mimi ni dada yako, au kwa umri wa mwandiko huu tuseme shangazi. Kaka yuko ukurasa wa michezo.

Wanaokuambia inachosha wana masikio mazima. Fungua wimbo wako kwenye skrini, vuta karibu mpaka uone pigo moja tu la kiki kabla ya limita. Utaona ncha kali inayopanda juu, kisha tumbo la besi linaloshuka kwa mawimbi mapana. Ile ncha ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba mguu umegonga. Sasa tazama pigo hilo hilo baada ya limita: ncha haipo, tumbo limenyanyuka mpaka kwenye dari, na gitaa lililokuwa nyuma limenyanyuka nalo. Ukirudi mbali, wimbo mzima ni tofali. Tofali halichezeki.

Kinachokudanganya ni sikio lako. Mwaka 1933, Fletcher na Munson, wakiwa maabara ya Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba sikio hupokea besi na milio ya juu kwa udhaifu sauti ikiwa ndogo, na kwa nguvu zaidi sauti ikiwa kubwa. Kwa hiyo ukisukuma limita kwa desibeli 3, besi inakuja, haihati inang'aa, nawe unasema limita nzuri hiyo. Hujafanya lolote ila kuongeza volumu. Fanya hivi: kila ukijaribu limita, shusha matokeo kwa kiasi kile kile ulichopandisha, kisha linganisha na wimbo wa kabla. Ukifanya hivyo kwa uaminifu utaiondoa nusu ya ulichoweka. Mimi nikiona limita inakata zaidi ya desibeli mbili au tatu kwenye mapigo makubwa, najua nimeanza kula wimbo.

Kwa kulinganisha nyimbo, acha kutazama vilele, tumia kipimo cha LUFS, kinachopima kwa namna ya kukaribia sikio. Msingi wake ni pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, namba BS.1770 la mwaka 2006. Albamu zangu za bendi nyingi huangukia kati ya -13 na -10. Dari ya limita weka desibeli 1 chini ya sifuri, kwa sababu kati ya sampuli na sampuli kuna vilele vilivyojificha ambavyo kipimo cha kawaida hakivioni, navyo hutokea sauti inapogeuzwa kuwa umeme ndani ya mashine ya mtu.

Na hao wakubwa unaojilinganisha nao, wengine CD zao zinachosha pia. Watu wanazizima wimbo wa nne bila kujua kwa nini.

*Mwalimu, tumerekodi onyesho la jukwaani, makofi yanaunganisha nyimbo zote. Nimekata faili kila wimbo, nikachoma. Mara ya kwanza kukawa na ukimya wa sekunde mbili kila wimbo ukiisha. Nikabadilisha mpangilio, ukimya ukaisha, lakini sasa kila mpaka unasema "tik". – Mpenda jukwaa*

Ugonjwa wa kwanza niliuugua mwenyewe, tena hadharani. Miaka hiyo nilimpa kiongozi wa kwaya diski za onyesho lao, akaziweka mbele ya kwaya nzima. Makofi yakaanza kupanda, watu wakatabasamu, halafu kimya. Sekunde mbili za kimya kabisa, kama umeme umekatika ukumbini, kisha makofi yakarudi kutoka katikati ya hewa. Mara tisa. Hakuna aliyenisema, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimechoma wimbo mmoja mmoja: mwali wa leza unaandika wimbo, unazimika, unawaka tena kwa wimbo unaofuata, na kati yao panaachwa pengo. Chagua diski nzima kwa mkupuo mmoja, kisha hakikisha programu haijakuwekea sekunde mbili zake za kawaida kwenye orodha ya nyimbo. Wewe hayo umeshayafanya.

Ugonjwa wa pili ni mzuri zaidi kuueleza. CD haihesabu muda kwa sampuli, inahesabu kwa fremu, na sekunde moja ina fremu 75. Gawa 44,100 kwa 75 upate 588. Wimbo unaweza kuanza tu pale fremu inapoanza, yaani kila baada ya sampuli 588, basi. Tuseme umekata wimbo wenye sampuli milioni 10 kamili, dakika tatu na sekunde 46 na ushee. Ndani yake mna fremu kamili 17,006, na zinabaki sampuli 472 zisizotosha fremu. Programu inajaza nafasi iliyobaki kwa sifuri 116. Hiyo ni kama milisekunde mbili na nusu za ukimya. Mwisho wa wimbo wa studio uliokwisha fifia usingezisikia maisha. Katikati ya makofi ya watu mia tatu, wimbi lililokuwa juu linaangushwa kwenye sifuri na kurushwa tena juu. Ndiyo "tik" yako.

Usikate, basi. Acha onyesho zima liwe faili moja refu, weka alama za kuanzia nyimbo ndani ya programu ya masta, na mwambie programu alama zake zishike fremu za CD. Kila alama isogeze ikae kabla kidogo ya sauti ya kwanza, mimi huacha fremu kama 10 hadi 15, kwa sababu mashine nyingine zikirukia wimbo huchelewa kufungua sauti na kumeza herufi ya kwanza. Anayesema "Asanteni" akisikika "santeni" hatakuelewa ukimweleza habari za fremu.

Kama diski zitakwenda kuchapishwa kiwandani, waulize wanapokea DDP. Ni kifurushi cha mafaili chenye sauti, alama na mpangilio wote wa CD, hakipati mikwaruzo njiani.

*Shikamoo Fundi. CD inacheza kwenye kompyuta iliyoichoma, redio ya gari inaitema. Diski nimekutumia. – Dereva*

Marahaba, diski yako ndiyo ile ya karatasi ya daftari, na cha ajabu mikwaruzo siyo kosa lake. Nimeiweka kwenye mashine tatu, zote zimeikataa, kompyuta peke yake ikaipokea. Uliichoma ukaiacha wazi. Kila CD ina orodha ya yaliyomo kwenye ukingo wa ndani kabisa, na mashine ya kawaida huanza kwa kuisoma hiyo. Diski isiyofungwa haina orodha hiyo bado, iko kwenye daftari la muda ambalo vichomeo vya kompyuta vinaweza kulisoma, redio ya gari haiwezi. Rudisha diski kwenye programu, tafuta kifungu cha kufunga diski, subiri dakika chache.

Wengine wenye shida kama yako wachunguze mambo mawili zaidi. Huenda umechoma mafaili kama data, na redio ya zamani haijui faili ni nini. Au umetumia CD-RW: hiyo inaakisi kati ya asilimia 15 na 25 tu ya mwanga, wakati CD ya kiwandani inaakisi asilimia 70 na zaidi, na macho ya mashine za zamani hayaoni gizani.

*Fundi, majina ya nyimbo yanaonekana kwangu, kwa rafiki yangu inaandika Treki 1, Treki 2. Nimejaza na ISRC zote. – Mwenye jina lisiloonekana*

ISRC ni kitambulisho cha rekodi chenye herufi na tarakimu 12, ndani yake hakuna jina lako. Majina yanakaa kwenye CD-Text, nyongeza iliyokuja mwaka 1996, na ni lazima programu yako iwashwe kuiandika na mashine ya rafiki yako iweze kuisoma. Kompyuta yako inayaonyesha kwa sababu inayakumbuka. Kompyuta nyingi hata hazitazami CD-Text, zinakwenda kuuliza intaneti.

*Miksi za asili zimepotea, nina MP3 tu. Nikizigeuza kuwa WAV na kuzichoma zitakuwa na ubora wa CD? – Mwenye majuto*

Hapana. Zitakuwa MP3 zilizovaa suti. Zichome hivyo hivyo, usizitie limita, na anza leo kuweka miksi sehemu mbili.

*Shikamoo mama. Diski yangu nimeitunza sana, haina hata alama ya kidole, lakini wimbo wa mwisho unaruka. Nakutumia uione. – Binti wa kinanda*

Marahaba mwanangu. Diski yako ni nzuri kuliko zote nilizopokea mwaka huu na ndiyo mgonjwa mahututi. Ile ya Dereva iliyochorwa na paka, nilipoifunga mwenyewe hapa, ilicheza yote.

Nimeishika diski yako juu ya taa, upande wa jina ukinielekea. Herufi za jina la albamu zinaonekana zimepitisha mwanga, nyembamba kama nyuzi, na zote ziko kwenye ukingo wa nje, kwa sababu uliandika kwa kuzungusha. Sasa CD husomwa kutoka ndani kwenda nje. Wimbo wako wa kwanza uko karibu na tundu, wa mwisho uko pembeni, chini ya zile herufi hasa.

Watu hulinda upande unaong'aa na kuutesa upande wa jina. Upande unaong'aa una plastiki nene zaidi ya milimita moja kabla mwali haujafika kwenye muziki, na mkwaruzo juu yake mashine huuona kwa ukungu. Tena namba za sauti hazikupangwa kwa mfuatano. Zimetawanywa kando ya njia na kuongezewa namba za kusahihisha, hivyo shimo linalofuta hadi milimita 2.5 za njia linaweza kurudishwa kamili bila wewe kusikia kitu. Hatari zaidi ni mkwaruzo unaofuata mzunguko, ndiyo maana tunafuta diski kwa kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Lakini upande wa jina, chini ya rangi nyembamba tu, ndiko lilipo tabaka linaloakisi mwanga. Ncha ya kalamu yako ilipita papo hapo. Pale palipotobolewa hakuna cha kusahihisha, mwanga haurudi.

Kwa bahati faili la masta unalo. Choma upya, uandike kwa kalamu laini ya wino wa maji, kwenye duara la ndani karibu na tundu ambako hakuna muziki. Lebo za karatasi za kubandika usizitumie, zikikaa upande kidogo diski inayumba ikizunguka, na gundi yake ikianza kubanduka huondoka na lile tabaka linaloakisi mwanga.

Uliuliza pia, pembeni ya barua kwa mwandiko mdogo, utajuaje diski mpya imetoka sawa sawa na faili. Inyonye irudi kwenye kompyuta iwe WAV. Iweke kwenye programu chini ya faili lako la biti 16, vuta karibu uzilinganishe mpaka sampuli ya kwanza ikae juu ya sampuli ya kwanza, maana vichomeo vingi husogeza mwanzo kwa sampuli kadhaa. Kisha geuza moja kichwa chini, cheza zote mbili pamoja. Zikiwa sawa zitafutana, na utakaa hapo dakika nne ukitazama mstari mnyoofu bila kusikia chochote. Nimeufanyia wimbo wako wa mwisho jaribio hilo kwa ile diski mbovu. Kimya, kimya, kimya, halafu kwenye dakika ya pili na sekunde 12 kinanda chako kikachungulia peke yake, noti mbili, kikajificha tena. Noti nzuri. Nitumie diski mpya.